Kete Kwenye Kona: Kesi ya Wawindaji Wanne na Ranchi ya Elk Mountain

Kama umewahi kukaa kijiweni ukaangalia watu wanacheza drafti basi hii kesi tayari unaielewa nusu yake. Kete inatembea kwenye nyeusi, inatoka nyeusi hii inaingia nyeusi ile kwa kupita kwenye kona, na nyeupe haikai hata mara moja. Huko Wyoming, Marekani, kuna wawindaji wanne walifanya hivyo hivyo kwa miguu yao. Wakashtakiwa kwa jinai wakashinda, kwenye madai ya mamilioni ya dola waliyofunguliwa wakashinda tena, mwenye ranchi akakata rufaa akashindwa, akapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi na tarehe 20 Oktoba 2025 ile mahakama ikakataa hata kuisikiliza. Miaka minne na ushee, kisa hatua moja kwenye kona.

Niseme kwanza kwa nini hii kesi inanigusa. Mimi naishi jimbo la Missouri na nawinda dia (deer). (Kwa haraka huwa tunasema kulungu ili mtu aelewe, lakini kulungu wetu wa nyumbani ni jamii ya swala, pembe zake ni za kudumu, wakati dia pembe zinadondoka kila mwaka na kuota upya, kwa hiyo humu nitasema dia tu. Na elki ni ukoo huo huo wa dia ila mkubwa sana, dume lake linapita kilo 300.) Missouri zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi. Usipokuwa na shamba, au mkwe mwenye shamba, au hela ya kukodi eneo kwa msimu, unabaki na mapori ya umma, na mapori ya umma siku ya kwanza ya msimu wa bunduki ni kama stendi ya mabasi. Unaamka saa tisa usiku unafika unakuta paking imejaa pikapu, unaingia porini gizani unaona taa za kichwani mbele yako, kushoto kwako, kilimani juu yako, kukipambazuka kila upande unaona vesti za rangi ya chungwa. Mwaka wangu wa pili nilikaa chini ya mti toka alfajiri, ikalia risasi sijui ya nani bondeni, dia watatu wakatoka mbio wakapita mita kama mia kutoka nilipo, wakaruka uzio wa shamba la mtu, halafu wakasimama. Wakaanza kula. Mle ndani hakuna mtu wa kuwagusa na wao walishajua.

Hilo ndo jambo ambalo watu wasiowinda hawalijui, kwamba mnyama anajifunza. Msimu ukifunguliwa na watu wakajaa kwenye ardhi ya umma, dia na elki wanahamia kwa mwenye uzio. Na kisheria Marekani mnyama wa porini sio mali ya mwenye shamba, ni mali ya wananchi, jimbo linamsimamia kwa niaba yao. Anachomiliki mwenye shamba ni mlango. Lakini ukimiliki mlango na wanyama wote wako nyuma ya mlango, niambie tofauti ni nini.

Sasa turudi Wyoming. Ile drafti ilitoka wapi? Ilitoka kwenye reli. Mwaka 1862 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kujenga reli ya kuvuka bara, serikali haikuwa na pesa taslimu za kutosha ila ardhi ilikuwa nayo, ikawapa makampuni ya reli ardhi badala ya hela. Ikaigawa kwa vipande vya mraba vya maili moja kwa maili moja, kila kimoja ekari 640, vinaitwa seksheni, kila kimoja kina namba. Zenye namba witiri zikaenda kwa reli, zenye namba shufwa zikabaki za serikali, na mwaka 1864 wakaongeza upana mpaka maili 20 kila upande wa reli. Hesabu yao ilikuwa kwamba reli ikipita thamani itapanda na serikali itauza vipande vyake kwa bei ya mara mbili. Sehemu nyingine waliuza, lakini kusini mwa Wyoming ni nchi kavu, baridi kali na upepo, watu hawakuja kununua kihivyo, vipande vya serikali vikabaki vya serikali mpaka leo, na vya reli vikauzwa kwa wafugaji na warithi wao na matajiri waliokuja baadaye. Ukifungua ramani ya kule leo unaona drafti tupu.

Ukiangalia vizuri utaona tatizo. Kila kipande cha umma kimezungukwa pande zote nne na vya watu binafsi. Kinakutana na kipande kingine cha umma sehemu moja tu, kwenye kona, na kona ni nukta, haina upana. Ekari 640 zako wewe mwananchi unaziona lakini huwezi kufika bila kupita kwenye ile nukta. Mwaka 2022 kampuni ya ramani za wawindaji, onX, ilipiga hesabu ikapata ekari milioni 8.3 za umma zilizofungiwa kwa kona namna hii magharibi mwa Marekani. Milioni 8.3! Halafu watu wanasema mapori ya umma yamejaa kwa sababu wawindaji wamezidi. Wamezidi ndio, lakini pia mamilioni ya ekari za hayo mapori zimefungwa, kwa hiyo wote tunasukumana kwenye kilichobaki.

Mlima Elk uko pembeni ya barabara kuu ya I-80, kati ya miji ya Laramie na Rawlins, kilele chake futi 11,156, ukiendesha gari unauona kabisa. Ranchi iliyoko pale ina ekari zaidi ya 22,000, mmiliki ni kampuni inaitwa Iron Bar Holdings, na nyuma ya kampuni ni bwana Fred Eshelman wa North Carolina, aliyepata utajiri wake kwenye biashara ya dawa. Ndani ya ranchi, kwa mtindo wa drafti, kuna maelfu ya ekari za umma. Kivitendo zilikuwa zake, maana nani angefika.

Mwaka 2020 wakafika wawindaji watatu kutoka Missouri, huku huku kwetu. Sio watu wa kukurupuka. Walishasoma ramani, wakaweka kambi kwenye ardhi ya umma inayofikika kwa barabara, wakatembea kwa GPS mpaka kwenye kona na pale wakaitafuta bikoni. Kila mwenye kiwanja anaijua bikoni, hii ya kwao ni kifuniko cha chuma kilichopigwa na wapima ardhi wa serikali kuonyesha hapa ndo seksheni nne zinakutana. Wakaikuta. Wakakuta na kitu kingine: ranchi ilichimbia nguzo mbili za chuma, moja kwenye kila kipande chake, zimeunganishwa kwa cheni katikati, zina mabango ya marufuku kupita. Uzio haukuwepo, yani kulia wazi kushoto wazi, ni nguzo mbili na cheni juu ya ile nukta. Wakashika nguzo, wakazungusha mwili, mguu ukatoka ardhi ya umma ukatua ardhi ya umma. Wakawinda. Meneja wa ranchi akawafuata, akaita maofisa, maofisa wakaja wakasikiliza, hawakuandika shtaka lolote.

2021 wakarudi, safari hii wanne, na walikuwa wamefikiria. Mwaka uliopita waligusa nguzo, na nguzo ni mali ya ranchi, hiyo inaweza kuleta neno. Kwa hiyo wakatengeneza ngazi ya chuma, ile ya miguu miwili ya mbele na miwili ya nyuma, wakaisimamisha juu ya kona, upande mmoja wa ngazi uko umma, upande wa pili uko umma, wakapanda wakashuka, hawakugusa nguzo, hawakugusa cheni, hawakukanyaga hata inchi moja ya ranchi. Mimi nikisoma hapo napata heshima kubwa kwa hawa jamaa. Mtu anayetaka kuvunja sheria habebi ngazi milimani.

Meneja akaja tena, akawasumbua siku kadhaa, akaita tena maofisa, na kamera ya mmoja wa maofisa ilimnasa akiuliza kama hawa watu wanajua bosi wake ana pesa kiasi gani. Mwisho mwendesha mashtaka wa kaunti ya Carbon akasema waandikiwe, wakaandikiwa kosa la kuingia eneo la mtu bila ruhusa.

Kesi ya jinai ilisikilizwa Rawlins, Aprili 2022, mbele ya juri ya watu sita wa pale pale kaunti. Na Carbon ni nchi ya wafugaji, hao sio watu wa kuchukia mali binafsi. Walitoka chumbani baada ya muda mfupi wakasema hawana hatia, wote wanne.

Lakini kabla hata juri haijakaa, Iron Bar ilishafungua kesi ya madai. Hoja yao ndefu ila ukiikamua inabaki hivi: mwenye ardhi anamiliki na hewa iliyo juu yake, na mwili wa binadamu una upana wakati kona haina, kwa hiyo mabega yako lazima yapite kwenye hewa yetu, hata kwa sekunde moja, na huko ni kuingia kwetu bila ruhusa. Tena wakasema kuvuka kona kukihalalishwa thamani ya ranchi itashuka kwa robo au zaidi, ndo ikaja ile hesabu ya zaidi ya dola milioni 7.

Hii hoja ya hewa watu wengi waliichukulia kama kichekesho. Mimi nasema usiidharau, sheria ya Wyoming kweli inasema umiliki unaenda mpaka hewani, na mahakama ya rufaa yenyewe ilikubali kwamba ukitazama sheria ya jimbo peke yake wanaweza kuwa na kesi. Na walikuwa na silaha nyingine, kesi ya Leo Sheep ya mwaka 1979, hiyo ilitokea kaunti hiyo hiyo ya Carbon: serikali ilitaka kufungua barabara ya wananchi kwenda bwawa la Seminoe kupitia vipande vya kampuni ya kondoo, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, bunge lilipogawa ardhi 1862 halikujiwekea haki ya kupita. Iron Bar wakasema si mnaona, kama serikali yenyewe haina njia wawindaji wanaitoa wapi?

Jibu lilitoka kwenye sheria ya zamani ambayo hata wanasheria wengi walikuwa hawaishiki mkononi kila siku, sheria ya shirikisho ya mwaka 1885 ya kukataza kuzungushia ardhi ya umma. Miaka ile wafugaji wakubwa walikuwa wananunua vipande vya reli, wanajenga uzio, na papo hapo wanajipatia vipande vya serikali vilivyo ndani bila kulipa senti. Wafugaji wadogo na walowezi wakalalamika, bunge likapiga marufuku kuzuia watu kufika ardhi ya umma kwa uzio, kwa vitisho au kwa njia nyingine yoyote haramu. Kukatokea mjanja mmoja Colorado, kesi yake inaitwa Camfield, alijenga uzio ndani ya ardhi yake tu, hakugusa ya serikali hata kidogo, lakini alivyoupanga akawa amefungia ekari kama 20,000 za umma. Akajitetea kwamba nguzo zote ziko kwangu. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ikasema uzio uko kwako ndio, lakini kazi yake ni kufunga cha wote, ubomoe.

Na kuna nyingine naipenda zaidi kwa sababu ndani yake hakuna hata mwindaji. Red Rim, Wyoming hiyo hiyo, miaka ya 80, mfugaji alijenga uzio wa maili 28 kwenye eneo la drafti, ukawazuia pronghoni, wale wanyama wenye mbio wanaofanana na swala, wasifike malisho yao ya majira ya baridi. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda ya 10, ambayo Wyoming iko chini yake, ikasema ile sheria ya 1885 hailindi watu peke yao, na mnyama anahesabika, uzio utoke. Nguzo mbili na cheni za Mlima Elk zimeanguka kwa msingi huo. Kama pronghoni ana haki ya kufika kwenye nyasi za umma, mwananchi mwenye kibali mkononi vipi?

Jaji Scott Skavdahl wa mahakama ya shirikisho Wyoming aliamua Mei 2023: ukivuka kona kwa miguu, kutoka umma kwenda umma, bila kukanyaga ardhi ya mtu wala kuharibu kitu, hujamkosea mwenye ardhi. Rufaa ikaenda kanda ya 10, tarehe 18 Machi 2025 majaji watatu wakakubaliana naye, hukumu ameiandika Jaji Timothy Tymkovich. Na walipita njia yenye akili kwa maoni yangu. Hawakusema kwamba hewa haina mwenyewe. Walisema hata kama sheria ya jimbo inakupa hewa, huruhusiwi kuitumia hiyo haki kama ukuta wa kufungia ardhi ya umma, kwa sababu sheria ya shirikisho ya 1885 iko juu yake. Na Leo Sheep wakasema ilihusu serikali kujenga barabara juu ya ardhi ya mtu, huku hakuna barabara wala tone la ardhi lililochukuliwa, mtu amepita na nyasi zimebaki vile vile.

Nataka nimtendee haki na mwenye ranchi. Alilipa pesa nyingi akijua, kama kila mnunuzi wa kule alivyojua, kwamba ukinunua vipande vya nje, vile vya umma vya ndani vinakuja bure. Soko zima la ranchi za drafti limejengwa juu ya hiyo dhana. Kuna na hofu za kweli, watu wakishaanza kuvuka kona wapo watakaokosea mpaka, watakaoacha takataka, na kuna swali la mnyama aliyejeruhiwa umma akaenda kuangukia kwa mtu. Haya yana majibu kwenye sheria zilizopo, ukikanyaga kwake bila ruhusa ni kosa na hii hukumu haijagusa hilo. Ila ile hasara ya mamilioni, nimeitafakari sana, naona ni hasara ya kitu ambacho hakikuwa chake. Thamani iliyopungua ni thamani ya kuwa na ardhi ya wenzako peke yako.

Kitu ambacho hukumu haijafanya ni kingi, na hapa naomba mtu asome taratibu kabla hajafunga mizigo. Kanda ya 10 ni Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma, basi. Montana ina kona nyingi sana lakini iko kanda ya 9, hii hukumu haiwafungi, na Mahakama ya Juu kukataa kuisikiliza rufaa sio kwamba imesema wawindaji wako sahihi nchi nzima, imeiacha tu hukumu ya kanda isimame ilivyo. Halafu ni kwa miguu. Usilete pikipiki ya magurudumu manne ukasema kesi ya Mlima Elk imeruhusu. Na ni umma kwa umma kwa kukutana kona kabisa, sio kukata pembe ya shamba mita tano kwa sababu simu imekuambia uko sawa, GPS ya simu inaweza kukudanganya kwa mita kadhaa na mita kadhaa pale ndo kesi yenyewe. Hawa jamaa walishinda kwa sababu waliitafuta bikoni wakasimama juu yake.

Na gharama yake pia tuitaje. Watu wanne wa kawaida, sio matajiri, walikaa miaka wakiwa na madai ya mamilioni yananing'inia kichwani, na wangesalimu amri mapema kama wawindaji wenzao wasingewachangia, tawi la Wyoming la chama cha wawindaji na wavuvi lilifungua mchango na watu wakatuma dola kumi kumi, ishirini ishirini, mpaka zikapita laki moja. Wengi wa waliochanga hawataukanyaga Mlima Elk maisha yao yote.

Je msongamano utapungua? Kidogo, na sio kila mahali. Huku Missouri hatuna drafti, hii hukumu haiongezi hata ekari moja kwenye lile pori ninaloamkia saa tisa usiku, hapa dawa ni nyingine kabisa, kwenda kugonga mlango wa mzee mwenye shamba miezi sita kabla ya msimu ukamwomba kwa adabu, ukamsaidia kurekebisha uzio, na wengine wanakubali. Lakini Wyoming peke yake ina ekari zaidi ya milioni 2 za kona. Kundi la elki lililozoea kwamba mle ndani hamfikiki litaanza kusogea, na likisogea linatawanyika na kwenye vipande vingine vya umma ambako watu walikuwa wanakaa siku saba bila kuona hata unyayo.

Mwenzangu ninayewinda naye, mtu wa Bukavu, alinipigia simu siku ile ya Oktoba, akaniuliza, "Kaka, sasa tunaweza?" Nikamwambia tunaweza, ila tunaenda na ramani ya wapima ardhi. Maombi ya kibali cha elki kwa mtu wa nje ya jimbo yanafungwa mwanzoni mwa mwaka, tumeanza kuweka hela. Tumeshachagua kona mbili. Tutafika mchana, sio gizani, tutatafuta bikoni, tutaipiga picha, na tusipoiona tunarudi kambini.